Seva Iliyojibu Nambari za Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini katika kampuni ya mtandao, Diani, Mhandisi Mkuu alinikalisha mbele ya kompyuta iliyokuwa ikivuma ndani ya chumba chenye baridi kali. Ilikuwa seva ya majina: mtu akiandika jina la mahali kwenye mtandao, ndiyo inayotoa nambari ya kufikia huko.

"Kazi yako ni kuiuliza," akasema. "Ikijibu, ni nzima."

Nikawa naiuliza kutwa. Ilijibu, nami sikutulia. Chai yangu ilikuwa ikipoa mezani.

Miaka ile ya mwisho ya tisini, mahoteli yalikuwa yameanza kupokea maombi ya vyumba kwa barua pepe. Asubuhi moja alinijia Bi Saumu, karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Galu iliyotumia mtandao wetu. Wakala wao wa Ulaya alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba hajibiwi, na meneja alikwisha kumwambia Saumu kuwa Ijumaa ataachishwa kazi.

"Nimemwandikia, dada, hata nimechoka. Barua zangu zinakwenda wapi?"

Nikampeleka kwa Mhandisi Mkuu. Hakuinua macho.

"Seva inajibu. Huyu mama aende ajifunze kompyuta."

Saumu akajitanda mtandio wake vizuri, akatoka.

Kiti hakikunikalika. Nikampigia fundi mmoja niliyesoma naye, aliyekuwa kampuni nyingine Mombasa, nikamwomba aiulize seva yao jina la wakala yule. Nambari aliyonisomea haikuwa ile iliyotolewa na seva yetu.

Kumbe Mhandisi Mkuu alikuwa ameyaingiza mwenyewe ndani ya seva majina yaliyotumiwa sana, pamoja na nambari zake, ili yapatikane upesi. Wakala alikuwa amehamia mashine mpya yenye nambari nyingine. Barua za Saumu zilikuwa zikirundikana kwenye mashine ya zamani, hapana wa kuzisoma.

Nilipomwonyesha Mhandisi Mkuu kosa hilo, aliufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Meneja wa hoteli atajua sasa hivi, bwana. Nakwenda kumwambia."

"Ukitoka, usirudi."

Nikatoka. Saumu alibaki na kazi yake, mimi sikurudi kwenye yangu.

Fundi yule wa Mombasa alinitafutia nafasi kwao, na huko ndiko nilikozeekea. Kila kijana niliyemfundisha nilimwambia: kujibu pekee hakutoshi, uliza na kwengine, kisha linganisha.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kinondo. Mume wangu huniambia, "Tulia, mama. Kazi umeshaimaliza."

Nikimjibu kwamba nimetulia, huitazama miguu yangu inavyochezacheza.