Nguo ya Kulalia ya Mama Mkwe

Watu wa siku hizi wananunua zawadi kama mtu anayenunua tikiti. Anaingia supamaketi mwezi wa Desemba, anakuta kikapu kimefungwa kwa nailoni inayopiga kelele, ndani kuna biskuti, majani chai ya harufu ya maua na chupa ya sosi. Juu kuna utepe. Analipa, anatoka kifua mbele, eti amekumbuka watu. Amekumbuka nani? Kikapu hicho hicho kimeenda kwa mchungaji, kimeenda kwa daktari wa meno, na kimeenda kwa mwenye nyumba. Najua kwa sababu mwenye nyumba ni mimi. Nina ghorofa Kware, hapa Nairobi, na wapangaji wangu wakishindwa kujua watanipa nini wananiletea hivyo vikapu. Biskuti zake nimekula. Afadhali utafune boksi.

Shule niliachia darasa la tatu na sijutii. Nilibeba magunia Industrial Area mpaka bega moja likashuka kuliko lingine, mnaliona hadi leo. Bosi wetu alikuwa anatugawia unga na kipande cha sabuni kila Krismasi. Lakini kwanza mnapanga foleni, mnapigwa picha mmoja mmoja na yeye, sabuni imeinuliwa juu ionekane. Mwanamume mwenye watoto anachekea kamera na sabuni! Mwaka wa mwisho niliikataa. Nikaenda soko la Kariokor, nikajifunza kukata tairi na kushona viatu, na tangu siku hiyo sijapigwa picha na sabuni ya mtu.

Mtu anayejua kutoa zawadi katika mtaa wetu ni mmoja, na si Mkristo. Ni jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake waliingia nchi hii wakikimbia vita kwao. Anauza nguo na blanketi kwa jumla, ana ulimi kama wembe. Siku ya Idd lazima sahani ya pilau na sambusa ivuke ukuta ije kwangu. Sahani hiyo hairudi tupu, hata kama ni ndizi utaweka ndani. Na Krismasi mimi humpelekea jogoo, akiwa hai, miguu imefungwa, anapiga kelele. Jogoo hai kwa sababu nikimchinja mimi hatamla. Achinjwe kwao, kwa dini yao. Hayo sikufundishwa na mtu. Nilitumia macho. Miaka yote hiyo hajanipa kikombe kilichoandikwa maneno, na mimi sijampa saa ya ukutani.

Sasa njoo kwa kijana wangu. Huyu nimemsomesha mpaka nikaogopa atamaliza vitabu vya serikali. Anafanya kazi ofisini, anavaa kadi shingoni kama ng'ombe wa maonyesho. Mwaka huo mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, anatarajia kujifungua Januari, na miguu ilikuwa imeanza kumfura. Msichana alikuwa na woga. Dada hana, rafiki zake wote ni wa kwenye simu. Akamwita mama yake kutoka magharibi mwa Kenya aje akae naye mpaka mtoto apate nguvu. Mama akakubali, akafunga safari, akafikia kwangu, kwa sababu sisi watu wa magharibi mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa bintiye. Kijana wangu anakaa mtaa wa pili, kwa hivyo ilikuwa sawa. Mchana binti anakuja kwa mama yake, jioni anarudi kwa mumewe.

Niwaeleze kidogo, maana kuna wengine mmezaliwa mtaani Umoja mkafikiri dunia inaanzia hapo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mkono. Hawaketi kiti kimoja. Hawali wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Si chuki hiyo, ni heshima, heshima nzito kuliko ya kanisani. Nilimwambia kijana hayo kabla hajaoa. Akatikisa kichwa. Nikadhani ameelewa, kumbe alikuwa anakubaliana na simu yake.

Wiki mbili kabla ya Krismasi akaja na kopo la kakao.

"Mzee, mwaka huu tunafanya kitu tofauti," akasema. "Kila mtu anachota karatasi. Jina unalopata, huyo ndiye unamnunulia zawadi. Ni siri. Halafu Krismasi tunafungua mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu?" mke wangu akauliza. "Kwani ni mnada?"

"Mathe, ni ya kufurahisha tu. Ofisini tunafanya kila mwaka. Hata ng'ambo wanafanya."

"Ng'ambo pia wanaoga wakiwa uchi pamoja," nikamwambia. "Hiyo utatuletea lini?"

Akacheka. Huwa anacheka hivyo, kama mtu anayesubiri mzee amalize. Kwetu ukipewa kitu unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakiweka kando. Unafungua ukiwa peke yako, ili kama ni kidogo aliyekupa asione uso wako. Lakini binti alikuwa amefurahi, ilikuwa mara ya kwanza nione meno yake mwezi huo, basi tukachota. Mimi nikapata mke wangu. Nikamnunulia sufuria nzito ya kupikia watu ishirini. Akaniambia, "Hii umejinunulia tumbo lako." Kweli, lakini alifurahi.

Krismasi ikafika. Watu watano sebuleni kwangu: mimi, mke wangu, kijana, mkewe, na mama mkwe. Mama huyo ni mwembamba, mnyamavu, wa kukaa pembeni karibu na mlango wa jikoni, leso mbili, moja kiunoni na nyingine begani. Tulikula zamu mbili ili yeye na mkwe wake wasitazamane. Mpaka hapo nyumba ilikuwa na adabu.

Halafu kijana akasimamisha simu juu ya kabati ijichukulie video yenyewe, akaanza kugawa maboksi. Boksi la mama mkwe lilikuwa na utepe mwekundu. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka chini kando ya miguu.

"Fungua, mama!" binti akasema. "Ni lazima ufungue!"

"Nitafungua baadaye, mwanangu."

"Hapana, sasa! Fungua! Fungua!" Na makofi juu yake, yeye na mumewe, kama watoto wa nasari.

Mama akafungua. Akatazama ndani. Akataka kurudisha kifuniko, lakini binti, bila kujua, akatia mkono akainua kitu juu. Ilikuwa nguo ya kulalia, laini, ya rangi ya waridi, mabegani ina kamba nyembamba kama za viatu. Ukiiweka mbele ya dirisha unaona barabara.

"Wah! Ni nani amemletea mama hii?"

Kijana wangu, yule niliyemsomesha, akainua mkono. "Ni mimi!"

Mimi nimeona mtungi wa gesi ukilipuka Industrial Area. Siku ile watu walikimbia; pale sebuleni macho yetu ndiyo yalikimbia. Mama akavuta leso ya begani akafunika uso. Akainuka, akapita kando ya ukuta bila kutazama mtu, akaingia chumba cha ndani, akafunga. Tukasikia begi linavutwa kutoka chini ya kitanda.

"Kesho asubuhi naenda nyumbani," akasema kupitia mlangoni. "Nitafutieni gari."

Binti akaanza kulia. Akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akalia, "Mama, usiniache. Nitazaa na nani?" Zipu ya begi ndiyo ilijibu.

Kijana akabaki amesimama katikati ya sebule, simu bado inachukua. "Lakini ni nguo tu," akasema. "Hata bei yake haikuwa ya mchezo."

"Zima hiyo takataka," nikamwambia. Akazima. "Sasa niambie. Dukani walikuuliza nini?"

"Yule msichana wa duka aliniuliza ninamnunulia nani. Nikasema mama. Akasema akina mama wote wanapenda hizi."

"Halafu?"

"Akaniuliza saizi."

"Ukasema nini?"

Akatazama chini. "Nilikisia."

"Ulikisia!" Hapo nilishindwa kukaa. "Mwanamume mzima amesimama dukani, mchana, watu wanapita, anafumba macho anapima kiuno cha mama aliyemzaa mkewe! Na mikono uliinua ukaonyesha?"

Uso wake ukaniambia kwamba mikono aliinua. Mke wangu akajishika mdomo. Mpaka leo hatujakubaliana kama alikuwa analia au anacheka.

Usidhani hakuna dawa. Wazee wa kwetu hawakuwa wajinga, walijua watoto wapumbavu watazaliwa. Mkwe akikosa heshima kwa mama mkwe, analeta blanketi na kuku wa kike aliye hai. Blanketi ni la kufunika aibu. Hampi mkononi, mwanamke wa nyumba ndiye anaingia nalo. Yeye mwenyewe anasimama nje, amegeuza mgongo, anataja kosa kwa kinywa chake. Mama akipokea, imekwisha. Akikataa, anaondoka, na huyo mkwe hakanyagi kwao tena mpaka kikao cha wazee.

"Sasa Krismasi jioni blanketi litatoka wapi?" kijana akauliza. "Maduka yote yamefungwa."

Maduka yote! Huyo ni mtu amezaliwa Eastlands, na hajui Waislamu hawafungi duka Krismasi. Nikamshika mkono kama mtoto, tukaenda kwa jirani. Alikuwa dukani kwake, amekaa juu ya marobota, yule jogoo wangu wa asubuhi ameshaingia biryani na harufu inatoka kwa jiko la nyuma.

"Jirani, heri ya sikukuu," akasema. "Mbona huyu anatembea kama amepigwa?"

Nikamweleza. Sikupamba. Nilipofika kwa ile kamba ya mabegani akaweka chini kikombe cha chai.

"Ya waridi?" akamwuliza kijana.

"Ndiyo, mama."

"Inaonyesha?"

"Kidogo."

"Astaghfirullah! Sikiliza, wewe msomi. Hata kwetu mwanamume anamnunulia mama mkwe nguo. Lakini anamnunulia nguo ya kutokea nje, watu waseme huyu mama ana mkwe. Wewe umemnunulia ya kuzimia taa." Akageuka kwangu. "Mzee, huyu ulimpeleka shule gani? Nisije nikapeleka wajukuu wangu huko."

Akapanda ngazi mwenyewe, akashusha blanketi zito, la kahawia, la mistari. Kijana akachagua jingine lenye picha ya simba. Jirani akamnyang'anya. "Simba atamfunika nani aibu? Chukua hili." Kisha akataja bei, na haikuwa ya jirani. Nilipomtazama akasema, "Pilau ni ya Idd, mzee. Leo kwenu ni sikukuu, kwangu ni siku ya kazi." Kijana akalipa. Ndiyo maana namheshimu huyo mama. Kuku tukampata kwa mwanamke anayefuga nyuma ya kituo cha maji, akatuambia huyu ni wa mayai, nikamwambia leo ni wa kesi.

Tuliporudi binti alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango wa mama yake. Mke wangu akamwondoa, akachukua blanketi na kuku, akaingia, akaacha mlango wazi kidogo. Kijana akasimama koridoni akitazama ukuta. Shingo ilikuwa inatoka jasho.

"Sema," nikamwambia.

"Mama, samahani kwa kile kilichotokea."

"Hakikutokea," mama akasema kutoka ndani. Sauti haikuwa kubwa. "Mvua ndiyo hutokea. Kuna mtu alifanya."

Kijana akaanza upya. "Mimi ndiye nilifanya. Nimekununulia nguo ambayo mkwe hanunui. Nilifikiri vibaya. Hapana, sikufikiri. Nilinunua kama ninavyonunulia watu wa ofisi."

"Watu wa ofisi mnanunuliana hizo?"

"Hapana, mama!"

Ndani kuku akalia mara moja. Mke wangu alituambia baadaye kwamba mama alilishika blanketi, akalipima uzito, akanusa, akalikunja, akalikunjua. Binti alikuwa amenishika mkono wa shati, na alikuwa anabana kama mtu aliyeanza uchungu. Niliwaza kwamba akizaa hapa koridoni, huyu mjinga atachukua video.

"Huyo ni mkwe wangu anaongea?" mama akauliza mwishowe.

"Ndiye," mke wangu akajibu.

"Basi mwambieni nimesikia. Na ile karatasi ya kopo isiniandike tena jina."

Akatoka akiwa amejitanda blanketi mabegani, na joto la Desemba lile, jasho linamtoka usoni. Kijana akajibana ukutani mpaka akapita. Hakuna aliyethubutu kuuliza habari za gari la asubuhi. Mama akafika kwa binti, akainama, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Imefura hivi tangu lini?"

"Tangu Jumapili, mama."

"Na wewe unasimama kwenye simiti unapigia watu makofi. Twende chumbani, uketi, uinue miguu. Leteni beseni, maji ya moto na chumvi. Kesho asubuhi tunaenda kliniki mimi na wewe."

Kijana ndiye alikimbia jikoni. Akarudi na beseni, maji yanamwagika kwenye viatu vyake vya ofisi, akaliweka kwenye kizingiti cha mlango wa chumba, asivuke. Kisha akarudi kinyumenyume, macho chini, mpaka nje kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akitembea kama mtu aliyelelewa.