Waliokuja Kumtazama Dada

Dada yangu anajipenda, hilo sikatai. Kwenye arusi ya binti yangu alikalia kiti changu mimi, mama mzazi, na picha zote akapigwa yeye. Kwa hasira nikaandika kwenye kundi la jamaa kwenye simu kwamba ana ugonjwa wa akili. Nikautaja kwa jina lake la kidaktari, nililoliokota kwenye video, utadhani nimelisomea.

Shangazi zetu hawana habari na video. Wao wakisikia mtu anaumwa, huvaa mabuibui wakaenda kumtazama. Kesho yake walipanda ngazi za dada, Mji wa Kale, na chupa ya uji, wakamkalisha kitako, wakamsomea Yasini.

Jioni akanipigia. Nilingoja matusi.

"Wamenambia umeandika mimi mgonjwa," akasema polepole. "Shangazi katoka Mbaraki na magoti yake yale mabovu. Wewe uko nyumba ya tatu. Mbona hukuja kunitazama?"

Sikwenda kwa sababu nilijua fika haumwi. Ningemwambiaje?