Mgolole wa Mjomba Kwenye Chakula cha Melini

Ndugu zangu wa Morogoro, kila nikipita sokoni mnanisimamisha. "Fundi Salumu, ni kweli ulikula chakula cha jioni ndani ya meli ya Wadachi, hao Wajerumani? Mlivaa nini?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Kaeni basi nisimulie yote kwa mara moja, na atakayecheka acheke, maana hata mimi siku hizi nacheka.

Kilichoniondoa nyumbani ni Tatu. Nampenda, sioni sababu ya kuzunguka. Mama yake, asiye na kaka wa kumsimamia binti, alikuwa radhi nami, lakini baba yake, Mzee Faraji, mtu wa Pangani, ni mpishi katika meli inayopita pwani hii kwenda Bombay, na nyumbani haonekani ila mara moja moja. Neno lake lililetwa na msafiri: meli itatia nanga Dar es Salaam usiku mmoja tu, nije na mkubwa wangu, tule naye humo humo melini, anitazame kisha aseme ndiyo au hapana. Na kulikuwa na bwana mmoja wa Bagamoyo, mwenye duka, naye anamtaka Tatu. Meli ikiondoka bila ya jibu, kurudi kwake ni baada ya miezi na miezi, na yule wa Bagamoyo si mtu wa kungoja.

Mkubwa wangu ni mjomba. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Baba anakulea, anakupenda, lakini wa kwenda kukuposea ni mjomba. Wangu mimi ni Mjomba Mkude, mkulima wa Mgeta, mtu ambaye hakupata kushuka kupita Mlali na wala hakuona haja.

Kabla ya kupanda kumfuata, nikashughulikia nguo. Mimi ni fundi cherehani, baraza la duka la Mhindi ndiyo ofisi yangu, na habari za nguo sifundishwi na mtu. Lakini chakula cha melini! Hilo lilinishinda. Nikamwendea Majaliwa, boi wa Mzungu mmoja wa shamba la mpira, aliyepata kusafiri melini na bwana wake.

"Nyeupe," akaniambia, kidevu juu. "Jioni melini ni nyeupe tupu. Suruali nyeupe, koti jeupe, vifungo mpaka shingoni. Mimi mwenyewe nilivaa hivyo kila jioni."

Sikumwuliza kila jioni alikuwa akifanya nini. Nikachukua kitambaa kizuri kuliko vyote dukani, nikashona mavazi mawili, langu na la mjomba, na vifungo nikavisugua mpaka vikang'aa.

Alfajiri nikashika njia ya Mlali, na kesho yake nikaanza kupanda. Mnaokaa mjini mnaiona milima ya Uluguru kwa mbali mkisema ni mizuri. Ipandeni na mzigo kichwani ndipo mseme tena. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya maharage, maji yakisikika kila upande bila ya kuonekana. Nilimkuta mjomba shambani kwenye mteremko, jembe mkononi, amejitupia begani mgolole wake, ile shuka kubwa nyeusi aliyonayo tangu nipate akili. Ulinuka moshi wa kuni, jasho na mvua. Nikiwa mtoto nililala ndani yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekonda. Mjini hawali?"

Nikamweleza safari. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao watu wa melini wanakaa chini?"

"Wanakalia viti, mjomba."

"Basi mgolole wangu nitautandika wapi?"

Hapo wasiokuwa wa ukoo wetu niwaeleze. Kwetu mjomba akienda kuposa hasemi maneno mengi. Anautandika mgolole wake mbele ya mkubwa wa binti, naye anakaa pembeni, chini, anyamaze. Mwenye binti akiukalia, amekubali. Akiupita, mnakunja nguo yenu mnarudi.

"Mjomba wa baba yako aliutandika wake uwanjani pale," akasema, akionyesha kwa jembe. "Nikaukalia, ukazaliwa wewe."

"Mjomba, kule ni kwa wastaarabu," nikamwambia. "Nimekushonea nguo."

Akanitazama, akautazama mgolole, akapapasa upindo wake. "Haya, mpwa wangu. Wewe ndiye fundi."

Alipovaa lile koti, wallahi, nilisimama mdomo wazi. Lilimkaa sawasawa mabegani, na shingo yake ikanyooka kama ya askari. Mkewe akapiga kigelegele. Lakini tulipoondoka, nguo nyeupe zimerudi furushini naye amejifunga msuli tu, niliona mgolole umekunjwa na kufungwa kwa kamba, uko kwapani mwake. Nikakohoa. Akakohoa na yeye. Tukashuka.

Morogoro tukapanda reli. Behewa letu lilikuwa lile la wazi, na gari lile linakula kuni na kutema cheche. Mjomba alishika ubao kwa mikono yote miwili mpaka tukaacha milima nyuma, ndipo akaanza kufurahi na kuwapungia mkono watu walioko mashambani. Mara cheche zikaanza kutunyeshea. Mimi nikapiga kelele, maana nguo zetu nyeupe zilikuwa mapajani mwangu. Mjomba akavuta kamba. Akaufungua mgolole, akanifunika mimi na furushi langu pamoja, akawa anazipigapiga cheche kwa kiganja. Tulipofika Ngerengere tukanunua ndizi za kuchoma, akaunyoosha mgolole kuutazama. Ulikuwa na matundu matatu.

"Si kitu," akasema. "Utapitisha upepo."

Dar es Salaam, jua likielekea kuzama, tukavaa nguo zetu nyuma ya ghala moja pale bandarini, mgolole ukarudi kwapani mwa mjomba. Tukapanda mashua. Mjomba alipoiona meli kwa karibu, akanishika mkono na hakuniachia mpaka ngazini. Mimi nilikuwa nikijitazama vifungo. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna aliyevaa kutushinda.

Juu ya ngazi alisimama bwana mmoja mnene, msimamizi wa maboi. Alipotuona tu, akaruka. "Nyinyi! Mmetoka wapi saa hizi? Supu inapoa!"

Nilitaka kumwambia sisi ni wageni wa Mzee Faraji. Hakuningoja. Alitusukuma mlango mmoja, tukapewa mabakuli mikononi, tukasukumwa mlango wa pili, tukajikuta katika ukumbi wenye taa zinazowaka bila mafuta, na meza ndefu zimejaa Wazungu. Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Wote waliokaa walivaa nyeusi. Wote waliosimama walivaa nyeupe. Koti, suruali, vifungo mpaka shingoni. Hapo ndipo nilipomkumbuka Majaliwa, na jina nililomwita sitalisema mbele ya watoto.

Mimi nilishindwa kupiga hata hatua. Mjomba je? Mjomba alikwenda moja kwa moja kwa bibi mmoja wa Kizungu mwenye mvi, akapinda goti, akampa bakuli kwa mikono miwili kama tunavyompa mkwe. "Karibu mama. Kula, ushibe." Kisha akasimama palepale, amekunja mikono, akingoja aonje. Bibi yule akashangaa, akaonja, akatabasamu. "Asante sana," akamwambia kwa Kiswahili. Mjomba akarudi kwangu, uso umemng'aa.

"Mpwa wangu," akaninong'oneza, "wakwe zako ni wengi, tena weupe. Mbona hukunambia? Na wale wanawake mabega wazi, wamepungukiwa kitambaa? Wewe ni fundi, wasaidie."

Ama kweli, siku ya kufa nyani miti yote huteleza, wangesema wenye misemo yao. Mimi nilitamani sakafu ifunguke tu. Dirisha la jikoni likafunguka. Mzee mmoja mwenye jasho akatoa kichwa, akahesabu maboi wake kwa macho, akahesabu tena.

"Nyinyi wawili ni nani?"

"Mimi ni Salumu," nikasema. "Wa Morogoro."

Upawa ukamwanguka.

Wazungu walipokwisha kula, Mzee Faraji alitupeleka nyuma kabisa ya meli, wanapokula watu wa kazi. Yeye na wenzake walikuwa wameshavua nyeupe zao, wamejifunga vikoi, wengine fulana, wengine kifua wazi, wamekaa kwenye mbao wakipunga upepo. Tulikuwa sisi tu tuliobanwa na vifungo.

"Hapa nguo nyeupe ni ya kuwalisha wengine," akasema Mzee Faraji. "Mtu akitaka kula na yeye, anaivua." Alikuwa bado amesimama, mkono kiunoni. Akanigeukia mimi. "Nani aliyemvika mzee huyu vazi la kutumwa?"

Nikainamisha kichwa.

"Nina binti mmoja tu, kijana. Mtu aliyemgeuza mjomba wake boi, mke atamgeuza nini?"

Nawaambieni, nilimwona Tatu akiondoka kwenda Bagamoyo, nikaona hata mizigo yake. Ni mjomba aliyejibu.

"Niliitaka mwenyewe," akasema. "Nilimwambia, nishonee iliyo nzuri kuliko zote ulizopata kushona. Ndiyo hii. Utazame mshono huu, bwana." Akamnyooshea mkono kwenye taa.

Hakuniambia hivyo hata mara moja. Mzee Faraji akaushika mkono wa koti, akaupindua, akautazama. Mjomba akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivua koti, akalikunja vizuri na kunipa. Kisha akafungua ile kamba, akautandika mgolole juu ya mbao, wenye moshi wake na matundu yake, akaenda kukaa pembeni kwenye ubao mtupu. Akanyamaza.

Watu wa meli wakanyamaza nao bila kujua kwa nini. Huko mbele mtu akapaza sauti kwamba wageni wajiandae kushuka. Mzee Faraji alitazama bahari, akatazama miguu yake iliyovimba kwa kusimama jikoni tangu asubuhi, akajishika goti. "Ah, mwili huu!" akasema, akajibwaga juu ya mgolole.

"Amekaa!" Mjomba akapiga makofi. "Amekaa! Mmemwona nyote, amekaa!"

"Nimekaa, ndiyo. Kuna nini?"

Nikamweleza desturi yetu. Basi Mzee Faraji aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Mimi nimechoka tu! Sisi watu wa Pangani hatuna desturi hiyo!"

Furaha ikamtoka mjomba usoni. Hakubishana. Alipiga magoti, akaanza kuukunja mgolole kuanzia pembeni, polepole, akiulainisha kwa kiganja. Mzee Faraji akamtazama.

"Matundu hayo ni ya nini, mzee mwenzangu?"

"Cheche za reli. Nilikuwa nazifunika nguo za mpwa wangu zisiungue. Alizishona kwa mikono yake, nikaona ni dhambi ziharibike."

Mzee Faraji akageuka. Akanitazama mimi, na koti jeupe mikononi mwangu, safi, halina hata doa. Akamtazama tena mjomba, kifua wazi kwenye upepo wa bahari. Kisha akaushika mgolole kwa upande wake, akautandika tena, akakaza kikoi chake, akakaa. Hakujibwaga safari hii. Alikaa taratibu, katikati kabisa, akakunja miguu.

"Haya," akasema. "Leteni wali."

Nikalia mbele ya mabaharia, na aliyecheka alicheka. Tulikula wali na mchuzi wa samaki sinia moja, mimi nimevua koti, na sijapata kula chakula kitamu kama kile.

Asubuhi ya kurudi mjomba alikuwa amevaa koti jeupe, kwa sababu hakuwa na kingine cha kujifunika mabega. Mgolole ulikwenda Bombay. Mzee Faraji alikataa kuutoa, akasema ataurudisha mwenyewe siku ya arusi. Pale Ngerengere Mzungu mmoja alipomwona mjomba amesimama karibu na behewa, akamwagiza maji. Mjomba akamwamkia kwa heshima zote, akamwambia, "Leo sigawi, bwana. Leo mimi ni msafiri."

Basi mnaoniuliza chakula cha melini huliwa na nguo gani, hayo ndiyo niliyojifunza, nami ni fundi: msikazane na koti. Vaeni kitu ambacho mwenyeji wenu mkimtandikia ataweza kukikalia. Majaliwa nimekwisha mwambia, na sasa tunasalimiana tena.

Morogoro, garimoshi liliposimama, Tatu alikuwa stesheni na mama yake. Hakunitazama mimi kwanza. Ni binti wa Kiluguru kwa upande wa mama, anajua mambo. Alimtazama mjomba begani, akaona koti jeupe peke yake.

"Shikamoo, mjomba. Mgolole wako uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu," akasema mjomba. "Nimemwacha baba yako ameukalia."