Direkta Zagabe Atafuta Watoto Wenye Shida

Direkta Zagabe alirudi kutoka semina akiwa na fulana mpya na ujuzi wa siku mbili. Semina ilihusu namna ya kumtambua mwanafunzi anayehitaji msaada wa pekee na kumfundisha pamoja na wenzake. Siku ya kwanza alisikiliza kwa makini. Siku ya pili samaki wa kisiwa cha Idjwi waliletwa mapema, makini yote ikahamia kwenye sahani.

Jumatatu, katika shule yake ya msingi huko Muhumba, alipita darasa kwa darasa, mikono mgongoni, kama daktari wodini. Mtoto aliyesinzia akaambiwa ana ugonjwa wa akili. Hakuna aliyemuuliza kama alikunywa chai. Aliyeandika kwa mkono wa kushoto naye akatolewa. David wa darasa la tatu, aliyependa kuuliza maswali, alitangazwa kuwa "hyperactif", Kifaransa cha mtoto asiyetulia, neno ambalo direkta alilitamka polepole, akilionja kama pipi. Wote akawatia katika stoo ya majembe, akabandika jina mlangoni: Darasa la Tumaini.

"Papa direkta," akauliza Anne-Marie, mwalimu wa la tatu, "semina haikusema tusiwatenge?"

"Madame, kwanza tunawakusanya. Kisha njo tutawachanganya."

Katika darasa la tatu, kwa Anne-Marie, alisoma Bintu, binti yake mwenyewe. Huyo hakumtazama mara mbili, maana shida yake aliijua: kichwa nguvu, yaani ukaidi. Ukimwita haitiki. Ukimtuma chumvi analeta chungu. Televisheni anaifungulia mpaka jirani anagonga ukuta. Kwa hayo yote dawa ya Zagabe ilikuwa kofi.

"Baba Bintu, pengine ni masikio," mkewe Adèle aliwahi kumwambia.

"Masikio iko nayo mbili. Nimeyaona."

Baada ya wiki chache akaja Francine, mtaalamu wa shirika lililoandaa semina. Zagabe alimpeleka moja kwa moja stoo, amejaa fahari. Francine akaongea na watoto, mmoja baada ya mwingine, kisha akatoka nje.

"Huyu iko na njaa," akasema. "Ule anaandika kushoto, ile si ugonjwa. Na David, kama hamumutaki, munipatie miye."

Akaomba kuona darasa la tatu. Akasimama nyuma ya watoto na kusema kwa sauti ya kawaida, "Mwenye anataka biskuti anyooshe mukono."

Mikono ikaruka juu. Msichana mmoja wa dawati la mwisho aliendelea kuchora mtumbwi wake. Alipoona wenzake wamenyoosha, naye akanyoosha, huku akiangaza macho kutafuta sababu.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

Anne-Marie akatazama sakafu. Direkta akatazama dirisha.

"Ni wangu," akasema mwishowe. "Lakini ule ni kichwa nguvu tu."

"Kichwa yake iko muzuri, papa. Hasikie."

Jioni hiyo Zagabe alisimama nyuma ya mtoto wake na kumwita. Akamwita tena, na tena. Bintu aliendelea kuchambua maharagwe. Zagabe akakaa chini, mkono uliozoea kupiga ukiwa umelegea pajani, asijue auweke wapi.

Hospitalini walikuta usaha wa muda mrefu masikioni. Sikio moja lilipona, la pili likabaki na nusu ya kazi yake. Anne-Marie alimhamishia Bintu kwenye dawati la mbele, na yeye mwenyewe akajizoeza kuwaelekea watoto anapoongea badala ya kuuhubiria ubao. Alama zikapanda. Majembe yakarudi stoo.

Kwenye mkutano wa wazazi Zagabe alisimama na kukohoa kidogo.

"Kwa jicho la mutaalamu," akasema, "mimi mwenyewe nilimutambua mutoto moja kati ya mamia."

Wazazi wakapiga makofi. Bintu, aliyekaa mbele pamoja na mama yake, alisikia kila neno.

"Papa," akasema, "ni maman Francine njo alinitambua. Weye ulikuwa unanipiga."

Adèle hakumnyamazisha. Direkta akageuza karatasi na kutangaza kwamba jambo linalofuata ni vyoo.