Nyonga Aliyoikataa

Jumatatu asubuhi, nikinywa kahawa barazani, niliambiwa kwamba yule bibi mkandaji wa mtaa wa Malindi, hapa mjini, amefariki na ameshazikwa. Aliyeniletea habari alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza. Alisema walikuwa wachache mno hata hawakupata wa kuwapokea njiani, wakafika makaburini mabega yamekufa ganzi. Nyinyi mnaosoma safu hii kila wiki mmenizoea nikiwasema wengine. Leo nitajisema mwenyewe.

Zamani nyumba yake haikuisha watu. Mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu, mchukuzi aliyechomoka bega, wote walipelekwa kwake. Hakusoma skuli, lakini viungo alivijua kwa vidole. Aliwahi kunieleza, huku akimkanda mama yangu, kwamba goti na kisugudi cha mkono ni kama bawaba ya mlango, huenda na kurudi njia moja tu. Bega ni tufe ndani ya kikombe kifupi, huzunguka litakavyo, na ndiyo maana hutoka upesi. Nyonga nayo ni tufe, ila kikombe chake ni kirefu na nyama zake ni nene. "Ikitoka hiyo," alisema, "mimi simo."

Miaka michache baada ya Mapinduzi, kaka yangu, mwashi wa kutengeneza kuta za chokaa, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi hapa Mji Mkongwe. Mguu ulifupika na goti likageukia ndani. Hospitali tuliambiwa daktari wa mifupa ameondoka nchini, na mwingine bado anangojewa. Basi tukambeba hadi Malindi. Yule bibi akapapasa mara moja tu, akaondoa mikono.

"Hii nyonga. Bega nnaliweza, goti nnaliweza. Hii sijapata kuirejesha."

"Jaribu, Bi Mkubwa," nikamwambia.

"N'takuja kumharibu, mwanangu."

"Tumpeleke wapi basi? Utamwacha hivi hivi?"

Alikataa mara tatu. Mara ya nne nilipiga magoti mbele yake, na kaka alikuwa akilia kwa maumivu. Akasema Bismillahi, akavuta. Kaka alipiga ukelele mmoja, akazirai. Nyonga haikurudi.

Daktari alipopatikana, miezi ilikuwa imeshapita. Alituambia kichwa cha mfupa kimekufa, na mguu hautanyooka tena. Kaka hakupanda jukwaa tangu siku hiyo. Majirani walipouliza ni nani aliyemfanya vile, nilijibu, "Yule mkandaji wa Malindi." Sikusema uongo. Niliishia hapo tu, na mtaa mzima ukamaliza wenyewe. Watu wakaacha kwenda kwake.

Mwaka jana nilikutana naye sokoni Darajani. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa baridi yabisi, na kikapu alikitundika mkononi kama nguo kambani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Ati, watu wanajua kuwa nilikataa?"

Nilitazama chini. Akasema, "Haya," akaenda zake.

Nimejaribu kujitetea kwamba ndivyo zilivyokuwa nyakati zenyewe. Waliojua kazi wengi walikwishaondoka, na waliobaki walisukumwa kufanya wasiyoyajua. Karani wa jana alikabidhiwa skuli nzima. Mtu akisema hawezi, alionekana hataki. Kazi ikiharibika, aliyesukumwa ndiye aliyelaumiwa, na aliyesukuma akaenda kunywa kahawa. Kuta za mji huu zinaendelea kubomoka, na mwashi mmoja aliyezijua amekaa kitini nyumbani kwangu. Sioni kitakachorudishwa mahali pake, si kuta, si nyonga, wala jina la yule bibi.

Jana nilimsomea kaka maneno haya kabla ya kuyapeleka gazetini. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Yeye hakusikia."

Ninalolijua ni hili moja: fundi akikwambia "hapa siwezi," huo nao ni ujuzi wake, msikilize. Na ukimlazimisha, useme kwamba ulimlazimisha, useme mbele ya watu, naye angali hai.