Ukili wa Katikati

Fundo la kwanza nililojifunza kwenye simu halikuwa na ncha. Nililitazama nikidhani picha imekatika. Mafundo yote niliyoyajua yalikuwa na ncha mbili: la kamba ya mbuzi, la kanga kiunoni, la uzi mwishoni mwa mshono. Kumbe wanahisabati hawayahesabu hayo, kwa sababu chochote chenye ncha, mtu akiwa na subira, kinafunguka. Kwao fundo linaanza pale ncha inapounganishwa na ncha. Baada ya hapo unaweza kulivuta, kulilegeza, kulipindua, lakini huruhusiwi kukata. Na swali linalowasumbua ni hili: mafundo haya mawili unayoyaona, ni fundo moja lililokaa vingine, au ni mawili kweli?

Swali hilo lilinikaa kichwani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa na matokeo ya hisabati ambayo mpaka leo sipendi kuyataja, nimerudi nyumbani kijijini Kanga, nalima na kusuka. Nilijifunza peke yangu, kwa Kiingereza cha kubabaisha, pale vocha iliporuhusu. Nikishindwa mstari mmoja nilirudi mwanzo wa ukurasa. Ndivyo nilivyo. Hata nikitawadha, shaka ikiniingia kwamba kisigino hakikupata maji, narudia udhu wote. Mama husema huo ni wasiwasi wa shetani na dawa yake ni kuupuuza. Sijawahi kuweza kupuuza kitu.

Nilipofika kwenye sura ya misuko nilihisi nimeandikiwa mimi. Ilisema hivi: chukua nyuzi kadhaa zilizoning'inia sambamba. Uzi mmoja ukipita juu ya jirani yake, hiyo ni hatua. Hatua zikifuatana zinazaa msuko. Kila hatua ina kinyume chake kinachoifuta, na ipo pia hatua ya kutofanya lolote. Mkusanyiko wenye tabia hizo wanauita kundi, na una hesabu zake, kama namba zilivyo na zake, isipokuwa hapa kutangulia na kufuata kuna maana. Tena ukiunganisha miguu ya msuko na vichwa vyake unapata mafundo, na hakuna fundo lisilopatikana kwa njia hiyo. Nilikuwa nimekaa barazani, ukili mapajani, nikayatazama mapaja yangu mwenyewe.

Ukili ni ule mkanda mwembamba wa ukindu, yaani majani ya mkindu, tunaousuka kwanza. Baadaye mikanda hukunjwa kwenda na kurudi, ikashonwa ubavu kwa ubavu mpaka ikawa mkeka; ukili ukipungua urefu, mkeka unapungua upana. Mwaka huo nilikuwa nasuka ukili wa dada yangu, aliyekuwa anaolewa Bwejuu, ng'ambo ya maji. Kwetu mkeka wa bi harusi hausukwi na mtu mmoja. Kila mwanamke wa ukoo huleta ukili wake, shangazi akashona. Ule wa katikati, wenye rangi, husukwa na mdogo wake bi harusi. Ndio unaoonekana wakwe wanapoingia chumbani. Dada alitaka zambarau, na nilichemsha ukindu mwenyewe mpaka vidole vikawa kama vya mtu aliyekula zambarau za msimu mzima.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Shangazi angeanza kushona Jumatano. Jumanne asubuhi, nikiukunja ukili uliokamilika, nikaona chane moja, yaani uzi mmoja wa ukindu, imepita chini ya mbili badala ya chini ya moja. Mstari wa rangi ulikuwa umeruka hapo, kama mtu aliyekosa ngazi.

Mwenzangu yeyote angeliacha kosa hilo lilivyo. Mimi nilikaa na penseli. Nilijiambia kwamba katika kundi la misuko kosa na kinyume chake vinafutana hata vikiwa mbali, mradi vyote vilivyo kati yao viweze kupisha, yaani kubadilishana nafasi bila msuko kubadilika. Kwa hiyo ningefungua kidogo tu mwishoni, nifanye kosa la kinyume, na ukili mzima ungekuwa, kwa hesabu, ni ule ule nilioukusudia. Nilichora mpaka adhuhuri. Nilifurahi, kusema kweli. Ilikuwa mara ya kwanza hesabu zangu kuwa na kazi.

Kisha nikaona nilichokosea. Hatua zinapishana pale tu nyuzi zake zisipokuwa majirani. Katika ukili kila chane imebanwa na jirani pande zote. Hakuna wa kumpisha mwenzake. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ipo kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa: ukitaka kufuta hatua zote, fumua ya mwisho kwanza, halafu inayoitangulia, hivyo hivyo ukirudi nyuma.

Nikaanza kufumua.

Kwenye karatasi, msuko uliofumuliwa ni nyuzi zilizonyooka kama hazikuwahi kugusana. Ukindu si hivyo. Kila mahali chane ilipokunjwa palibaki na alama, na nilipoikunja tena pakapasuka. Niliitupa, nikachukua nyingine, nikafumua zaidi ili nipate pa kuiungia. Alasiri ukindu wa zambarau ulikwisha. Nilikuwa bado sijafika kwenye kosa.

Dada alinikuta katikati ya chane zilizotapakaa. Alikuwa ametoka kusingwa kwa ajili ya harusi, ananukia liwa.

"Nini hii?"

"Narekebisha."

"Unarekebisha au unafumua?"

"Kuna pahala nilikosea."

"Wapi? Nionyeshe." Nikamwonyesha. Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa. "Sioni."

"Hapa. Imepita chini ya mbili."

"Sasa mume wangu ataingia chumbani na miwani ya kutazama chane?" Alicheka, kisha akauinua ule ukili na kuona umebaki mfupi kiasi gani. Kicheko kikakatika. "Wewe. Mkeka unashonwa kesho."

"Najua."

"Unajua. Kila kitu unajua. Mafundo ya Wazungu unayajua. Nimekuomba kitu kimoja tu." Sauti ilimpungua. "Ningekuwa na mdogo mwingine ningemwomba huyo."

Nami ningemwomba huyo huyo.

Asubuhi shangazi alikuja na sindano yake ya mikeka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, macho yameshafika kwenye ukili. Nikamweleza yote, hadi yale ya kupishana. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa.

"Mwanangu, kosa lako liko wapi?"

Nikaliwekea kidole.

"Toa kidole."

Akachukua mkasi akakata, upande huu na upande huu wa kosa. Kile kipande kikaanguka. Nilishtuka kana kwamba amekata nyama. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeishi mahali ambapo kila kitu kinaruhusiwa isipokuwa hicho.

"Mkeka utakuwa mwembamba," nilisema.

"Utakuwa mwembamba," akakubali. "Ungeniita jana asubuhi, ungekuwa mpana."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba wanahisabati nao hukata. Huchukua umbo, wakatoboa pale fundo lilipokuwa, wakaziba kwa kipande kilekile kilichogeuzwa, na umbo likawa jingine kabisa. Ni elimu kubwa. Nilikuwa sijafika sura hiyo, na sidhani kama ningefika ingenisaidia. Sikuhitaji kujua kwamba kukata kunawezekana. Nilihitaji kwenda kwa shangazi Jumanne asubuhi, na hilo nisingelisoma popote.

Mkeka ulikwenda Bwejuu ukiwa pungufu wa upana. Wakwe waliingia, wakausifu, maana ndivyo wakwe wanavyofanya. Dada aliniaga kwa kunishika mkono tu. Nililala nikiurudia mshiko ule, nikitafuta mahali palipokosewa.

Nilichelewa kwenda kumtembelea. Kila safari nilipata sababu, na sababu zangu huwa nzuri. Nilipokwenda hatimaye, alinikaribisha chumbani, na mkeka ulikuwa pale pale chini. Mara moja nikanyoosha shingo, macho yakaanza kutafuta mahali mstari ulipoungwa.

"Usianze," alisema.

"Sijafanya kitu."

"Naijua hiyo shingo." Akaniwekea chai. "Unajua mkeka wako umenifaa? Hautoshi watu wawili. Mama mkwe akija kunisema, inabidi akae kitandani. Na mtu akikaa kitandani hasemi sana, anaogopa kulala usingizi."

Nilicheka, halafu nikasema nitamsukia mwingine, safari hii sitafumua.

"Utafumua," alisema. "Nisukie hivyo hivyo. Lakini ukifika pahala pa kulia machozi, niite. Nitavuka nije."

Sikuahidi, nilitikisa kichwa tu kukubali, na hata kwa hilo nilifikiri kwanza. Alisogea pembeni, miguu ikabaki kwenye sakafu tupu, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa."

Nikakaa juu ya zambarau, mgongo nikiuelekeza pale mstari ulipoungwa, chai ikiwa ya moto bado.