Siku za Kunywa, Siku za Kumeza

Zamani kitabu kikichanika kilipelekwa kwa fundi kikashonwa upya. Siku hizi kurasa zake hufungiwa karanga, na mwenyewe wala haoni haya.

Fundi wa kujalidi vitabu hakumaliza hata darasa la nne. Alichojua alikisoma katika vitabu vya watu huku akingoja gundi ikauke, na alikijua kwa kiburi. Basi mdogo wake, waliyemwita Chapa kwa kuwa alifanya kazi kwenye mtambo wa kuchapia wa jirani, alipoanzishiwa dawa za virusi vya Ukimwi, alimuuliza yeye, si daktari.

"Kaka, na bia zangu je?"

"Dawa na pombe havikai chungu kimoja. Nimesoma mimi!"

Chapa akalishika neno la kaka kama alivyolishika tangu utotoni: siku ya kunywa hamezi, siku ya kumeza hanywi. Na siku za kunywa ndizo zilizokuwa nyingi.

Mwaka haukuisha, suruali ikaanza kumvuka. Shemeji, mkewe Chapa, akamburuta kliniki. Fundi akaandamana nao, apate kumkemea mlevi mbele ya mashahidi.

"Virusi vimepanda," alisema muuguzi. "Unameza kila siku?"

"Siku ambazo sijalewa."

"Nani kakwambia?"

Chapa alitazama sakafu, asimtaje mtu. Shemeji ndiye aliyegeuka. "Si huyu profesa wa gundi!"

"Mzee," muuguzi alisema taratibu, "pombe tutamsaidia aipunguze. Lakini dawa haiachwi, hata awe amelewa chakari."

Fundi alikosa pa kuweka mikono. Njiani akasema, "Nimekukosea, mdogo wangu."

"Yaishe, kaka. Ila siku nyingine uwe unafungua na ukurasa wa pili."

Wakacheka wawili. Shemeji hakucheka.

Mtambo ulipofungwa, kwa kuwa siku hizi hakuna asomaye, Chapa na mkewe wakaamua kuhamia kwa wakwe. Walipita karakana ya fundi mchana kuaga. Chapa alinuka bia. Saa ya dawa ilikuwa imefika. Chapa akatoa kidonge mfukoni mwa shati. Fundi akainuka, akamchotea maji kwa kikombe chake mwenyewe.

"Meza."

Akameza. Shemeji akajitwika mzigo, wakashika njia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho fundi kuwaona: kiunoni mwa Chapa, suruali imekazwa kwa uzi wa fundi wa kushonea vitabu.